Anataka Kugonga Mhuri Wake Kwenye Mguu Wangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na nikwambie mapema kwamba mimi si mtu wa kuomba msaada, hata wa kushikiwa mlango, kwa hiyo ukiona barua hii imekuwa ndefu na ina hasira ndani yake ujue nimeiandika kwa kujilazimisha, jirani yangu mshonaji akiwa amekaa hapa pembeni na sindano yake, anajifanya hasomi. Yeye ndiye aliyenisukuma. Kila wiki ananisomea safu yako huku cherehani imesimama, na wiki iliyopita aliikatiza katikati barua ya mtu mwingine akaniambia, "Wewe nawe mwandikie, maana mimi umenishinda."

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na saba. Si mzaliwa wa hapa, nilikuja Afrika kwa mkataba wa miaka miwili na sasa ni miaka ishirini na saba, na Kiswahili hiki nimefundishwa na wagonjwa, mafundi na wauza mboga, kwa hiyo usinitafutie makosa. Kazi yangu ni kutengeneza miguu ya bandia. Karakana yetu iko nyuma ya hospitali, chumba kimoja kirefu chenye jiliwa nne za kubania kazi, tanuri la kulainishia plastiki, kioo cha urefu wa mtu, na vyuma viwili vya kushikilia ambapo mtu anajaribu hatua zake za kwanza huku wenzake kwenye benchi wakimtazama na kutoa maoni ambayo hakuna aliyewaomba. Wateja wananiita Mama Miguu. Mwanzoni lilikuwa jina la utani, sasa hata barua za ofisini zinakuja zimeandikwa hivyo.

Na mimi mwenyewe nina mguu mmoja wa nyama na mmoja wa plastiki. Nilikatwa wa kushoto, chini ya goti, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa pikipiki na ujinga wangu, na tangu niijue kazi hii hakuna mtu mwingine aliyewahi kunitengenezea mguu. Ninajifunga mwenyewe plasta ya kuchukua umbo la mguu, ninajipima mwenyewe, na nikikosea naumia mwenyewe. Nimeishi hivyo na sijaona sababu ya kubadilika uzeeni.

Sasa mkataba umekwisha, wakubwa wa hospitali wamenieleza kwa adabu nyingi kwamba umri umefika, mdogo wangu wa kike huko kwetu ameshanipakia rangi chumba bila kuniuliza ninapenda rangi gani, na tiketi ya ndege ambayo nimeiahirisha mara mbili imewekwa Alhamisi, wiki tatu kutoka leo. Nyumba yangu ya vyumba viwili wameanza kuigawana nikiwa bado ndani yake. Mshonaji amefunga uzi mwekundu kwenye mpini wa friji ili wengine wajue ina mwenyewe. Muuguzi wa zamu ya asubuhi ameshabeba mapazia, sasa naamshwa na jua la usoni, na mlinzi ananiuliza kila siku, kwa upole wa kuudhi, kama kitanda nacho kitabaki. Wanaandaa sherehe ya kuniaga, nimewaambia siendi. Wakasema haiwezekani kumuaga mtu ambaye hayupo, nikawaambia basi mmejijibu wenyewe.

Hayo yote nayamudu. Kilichonileta kwako ni fundi wangu.

Tunamwita Soli kwa sababu alikuwa fundi viatu. Alikuja miaka kumi na minne iliyopita kushona mikanda ya miguu, nikaona mikono yake, sikumwachia aondoke. Nimemfundisha kufunga plasta, kumimina sanamu ya mguu uliobaki, kuichonga, na kuvuta plastiki ya moto juu yake kabla haijapoa, na ni mtu mzima sasa, ana mke, ana mvi mbili tatu ambazo mkewe anasema ni zangu. Kuna jambo moja tu ambalo sijamwachia, yeye wala mwingine yeyote, nalo ni kumaliza. Kila mguu unaotoka hapa mwisho wake ni mikononi mwangu. Mteja anauvaa, anatembea kati ya vile vyuma, mimi namtazama, kisha anauvua na mimi naupitisha tupa, chuma cha kusugulia, kwenye ukingo wa kikombe, yaani pale kigutu cha mguu kinapoingia, halafu napasha mhuri wangu kwenye moto na kuugonga ndani yake. Mhuri wenyewe ni kipande cha chuma kama kidole gumba, una jina langu, nauvaa shingoni kwa kamba. Mguu ukishagongwa mhuri, maana yake mtu akianguka kwa sababu ya mguu huo mimi ndiye wa kuulizwa.

Usidhani ni maringo. Mwaka wangu wa tatu hapa nilikuwa na homa, foleni ilikuwa ndefu, nikamwachia fundi mmoja niliyekuwa naye amalize mguu wa mwashi. Wiki mbili baadaye mwashi yule alikuwa juu ya jukwaa anajenga, mguu ukakatika kwenye kifundo. Hakufa. Alivunjika nyonga na hakujenga tena maisha yake yote. Nilikwenda kumwona wodini, akanitazama, akaniuliza neno moja tu, "Uliuangalia?" Nikasema sikuuangalia. Nilipotoka pale nilikata kauli kwamba hakuna mguu utakaopita mlango ule bila mimi kuuangalia, na kauli hiyo sijaivunja mpaka leo.

Sasa kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, nimemtuma mshonaji akachemshe chai ili niliandike. Miguu ya Soli haina kasoro. Sisemi ina kasoro ndogo ndogo, nasema haina. Ni miaka miwili sasa, labda mitatu, nikiuchukua mguu alioutengeneza naugeuza huku, naugeuza kule, napitisha kidole ndani, sioni pa kurekebisha, na bado naubana kwenye jiliwa na kuchukua tupa na kusugua ukingo mara tatu, mara nne, pale pale ambapo hapahitaji kitu, kwa sababu benchi zima linanitazama na Soli ananitazama na sijui ningefanya nini na mikono yangu kama nisingesugua. Kisha nasema, "Sasa uko sawa," nagonga mhuri, na mteja ananishukuru mimi. Soli anafuta meza.

Na hiyo mikono yenyewe imeanza kunisaliti. Inatetemeka, na kidole gumba cha kulia siku nyingine kinakataa kukunjuka. Mguu wangu nao umepata ufa, hautahimili safari ya ndege mbili na zile ngazi za kwa mdogo wangu, maana chumba alichopaka rangi kiko juu. Nahitaji mguu mpya kabla ya Alhamisi hiyo. Soli alijitolea kunitengenezea, nikamwambia ashughulike na wateja. Jumapili mchana nikaingia karakana peke yangu, nikafunga mlango kwa ndani, nikakaa mbele ya kioo na kuanza kujifunga plasta kama nilivyozoea. Katikati ya kazi kidole kikagoma. Plasta ikakauka na mkunjo mbaya nyuma ya goti, nisiweze kuivua wala kuikata, kwa sababu mkasi wa plasta unataka mikono miwili yenye nguvu na mimi nilikuwa na mmoja na nusu. Nilikaa pale saa nzima kama mtoto aliyeingiza kichwa kwenye sufuria, kisha nikampigia simu Soli.

Alikuwa kwenye harusi ya binamu yake. Alikuja na suti, mkewe akasubiri nje na vazi lake la sherehe, na Soli akatandika gazeti sakafuni, akapiga magoti, akanikata plasta ile taratibu bila kunigusa ngozi hata mara moja. Alifagia vipande, akanisogezea magongo, akarudi harusini. Ningefurahi zaidi angenicheka.

Jumatatu alikuja kabla ya wenzake. Akasimama mbele ya meza yangu akasema, "Mama, mguu wako nitautengeneza mimi. Nitaumaliza mimi, na nitaugonga mhuri wangu." Nikamuuliza mhuri upi. Akatoa mfukoni kitambaa cha ngozi, akakikunjua, ndani mna mhuri wa chuma, mzuri, umechongwa unyayo mdogo wa kiatu. Alichongesha kwa fundi chuma miaka sita iliyopita. Miaka sita, Mshauri, mtu anafanya kazi hatua tatu kutoka kwangu, anakunywa chai yangu, na ana mhuri mfukoni. Nikamuuliza tangu lini amekuwa akijiandaa kunipindua. Akasema hakujiandaa kunipindua, alikuwa anasubiri nimuulize kama anao.

Nilimwambia nitapanda ndege kwa magongo. Akaniambia, "Basi panda kwa magongo." Hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, mimi niliyemfundisha kushika tupa. Nikajishusha, jambo ambalo silifanyi, nikavua kamba shingoni na kumnyooshea mhuri wangu, nikamwambia auchukue, nikiondoka autumie. Hakuugusa. Akasema, "Huo una jina lako, Mama. Mtu akianguka watakutafuta wewe, na wewe hutakuwepo."

Tangu siku hiyo tunasemeshana kwa mambo ya kazi tu. Nipe msumeno, shika hapa, mwite anayefuata. Na kazi imezidi, kwa sababu habari za kuondoka kwangu zimeenea na benchi halipumui, hata watu wenye miguu mizima niliyoigonga mhuri mwaka jana wanakuja niwaangalie tena kwa mara ya mwisho. Juzi mama mmoja muuza mitumba alimwambia Soli usoni kwamba hataki mguu wake, anataka wa Mama. Soli akatabasamu, akaja kuniita.

Kubwa zaidi ni kwamba mganga mkuu anataka barua yangu kabla sijaondoka, barua ya kumthibitisha Soli kuwa mkuu wa karakana. Bila barua hiyo wataifunga, na wagonjwa wote watapelekwa kwenye karakana nyingine iliyo mwendo wa siku nzima, na wewe fikiria mwendo wa siku nzima kwa mtu ambaye shida yake ni mguu. Nimeianza barua hiyo mara nne na mara nne nimeichana. Kila nikifika mahali pa kuandika kwamba anaweza kufanya kazi bila mimi, kalamu inasimama.

Basi niambie. Je, ni haki kwa mtu niliyemfundisha kunipa masharti juu ya mguu wangu mwenyewe? Nimjibu vipi bila kuonekana nimeshindwa? Na je, nijaribu kuisogeza tiketi mara ya tatu, ili nipate muda wa kumweka sawa? Usiniambie nisamehe na kusahau, wala usiniambie nipumzike, maana wanaoniambia nipumzike nimeshawachoka. Niambie nani yuko sahihi.

Sijalegea bado,
Mama Miguu

MSHAURI ANAJIBU

Mama Miguu, pokea kwanza heshima zote unazostahili, maana nikishaanza sitarudi nyuma kuzitafuta.

Umeuliza nani yuko sahihi. Soli. Sasa tuendelee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilipofika kwa yule mwashi niliiweka chini. Swali lake lingemkalia mtu yeyote kooni. Kwamba umelibeba miaka yote hiyo na hukulitupa njiani, kwa hilo nakuvulia kofia, na wote wanaotembea leo kwa sababu uliwaangalia wanapaswa kukuvulia pia. Lakini hebu soma tena ulichoandika mwenyewe. Mwashi alikuuliza kama uliuangalia. Ukakata kauli ya kuangalia. Hukukata kauli ya kusugua, wala hakuna aliyekuuliza mhuri ni wa nani.

Siku ile ya kwanza ulipopitisha kidole ndani ya mguu wa Soli na kukosa pa kurekebisha, kauli yako ilikuwa imetimia. Ungeinua kichwa ukawaambia watu wa benchi kwamba huu ni wa Soli na uko sawa, yakaisha. Badala yake ukachukua tupa. Miaka miwili, labda mitatu, umesimama mbele za watu ukisugua mguu uliokamilika, na kila mara uliposugua uliwaambia kwamba mikono ya huyu bwana haitoshi. Halafu unanisimulia habari za muuza mitumba kama vile zimekushangaza. Mama, yule amekuwa akikutazama. Alijifunza kwako.

Na usinitajie kupinduliwa. Mtu anayetaka kukupindua hangojei miaka sita na chuma mfukoni. Mimi simsafishi Soli, naye ana lake, angeweza kufungua mdomo mapema na pengine tusingefika hapa na wiki tatu mkononi. Mmekutana vichwa vigumu viwili chumba kimoja. Lakini yeye ukaidi wake ameupata wapi kama si kwako, aliyekuwa akikutazama kila siku ukijifunga plasta peke yako?

Kuna jambo moja umelisikia kama tusi, na mimi nimelisikia tofauti. Alikwambia mtu akianguka watakutafuta wewe na wewe hutakuwepo. Mtu huyu anakuomba lawama. Anataka mlango ukigongwa na mwenye mguu uliokatika, awe yeye wa kufungua. Nimekaa kwenye safu hii muda mrefu, nimeandikiwa na watu wanaotaka vyeo, nyumba, waume wa wenzao, na ni wachache mno walioniandikia wakitaka kulaumiwa. Wewe unaye mmoja, na unatafuta namna ya kumjibu bila kuonekana umeshindwa.

Nitakwambia unachoogopa, kwa sababu mshonaji wako amechoka kukwambia kwa upole. Unaogopa kwamba Ijumaa baada ya Alhamisi yako karakana itafunguliwa saa ile ile, tanuri litawashwa, benchi litajaa, watu watatembea kati ya vile vyuma, na hakuna kitakachoanguka. Naam, inauma. Kuondoka mahali ulipozeekea kunauma, na mimi siwezi kukupa dawa yake. Ila ujue kwamba ikitokea hivyo, ni wewe uliyeifanya itokee, na ikifungwa kwa sababu kalamu yako ilisimama, utakuwa umeifunga wewe pia.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kesho, maana plasta na plastiki vinataka muda wake.

Tupa yako mwachie mshonaji nyumbani, akae nayo karibu na hilo friji lake. Nenda karakana kukiwa kumejaa. Usiende mezani kwako, kaa kwenye benchi, mwisho wa foleni, na mtu akikupisha mbele ukatae, ubishi huo nakuruhusu. Zamu yako ikifika vua mguu, mpe Soli, kisha weka mikono yako mapajani. Akufunge plasta yeye. Ukienda kuujaribu, akikuuliza unabana wapi, mwambie ukweli. Usimfichie ili kumfurahisha, na usimzushie ili kumshinda. Kama unabana, atarekebisha, hiyo ndiyo kazi, na hata wewe ulikuwa ukirekebisha. Tembea kati ya vyuma na uwaache wa benchi watoe maoni yao, ni haki yako kuyasikia angalau mara moja. Na mguu ukiwa tayari, apashe mhuri wake na kuugonga mbele ya watu wote, yule muuza mitumba akiwepo itakuwa bora zaidi, kwa hiyo mwite.

Kisha ingia ofisini mchana huo huo uandike barua ya mganga mkuu. Usiandike kurasa. Andika kwamba miguu ya Soli umeiangalia mmoja mmoja kwa miaka mingi, kwamba hukuona kasoro, na kwamba wa kwako unaokwenda nao safarini ameutengeneza yeye. Hakuna daktari atakayehitaji maneno zaidi ya hayo. Mpe mshonaji aipeleke, usije ukaichana ya tano njiani.

Kuhusu ile tupa, mwambie Soli. Mwambie kwamba ulikuwa ukisugua bure. Usitafute maneno matamu, mwambie kama ulivyoniandikia mimi. Nadhani anajua, fundi hakosi kujua, lakini ana haki ya kulisikia kutoka kwako, na usingoje mpaka uwanja wa ndege ukamwambia ukiwa na mkoba mkononi.

Tiketi usiiguse. Huyo wa kumweka sawa yuko sawa tangu zamani.

Kwenye sherehe utakwenda. Watu waliokuchukulia mapazia wana haki ya kukulisha keki. Ingia kwa mguu wako mpya, na nakuhakikishia watatazama mguu kabla ya kukutazama wewe, kwa hiyo ukitaka kulia utapata nafasi. Mhuri wako baki nao shingoni, nenda nao kwenu. Ulikuwa wako na umeutendea haki, usiuache kwenye msumari ukutani watu wakauogopa.

Na ubishi wako usiuache huku, mama. Utauhitaji kwenye zile ngazi za mdogo wako, na kwenye ile rangi. Siku utakapofika, ukimaliza kupanda, atakuuliza kama mguu huu nao umejitengenezea mwenyewe. Usimjibu. Kaa kitandani, uvue, umpe, umwambie aangalie ndani.